Wa Pili Kutoka Juu

Pale Mamboleo, barabara ya Kakamega inapoachana na ile ya kwenda Miwani, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mbele ya kibanda cha Kageha. Kageha alikuwa mama wa Kimaragoli aliyeuza kahawa ya tangawizi, na ukikaa kwenye ubao wake bila kuagiza alikutazama mpaka ukaagiza. Jioni, vumbi la malori likianza kutulia, wakaaji walikuwa walewale. Absalom, mzee mrefu aliyestaafu kwenye reli, aliitwa Gadi kwa sababu mambo yote ya dunia aliyaeleza kwa habari za treni. Laban aliwahi kuwa tarishi mahakamani. Aliondoka huko na koti jeusi, na watu wakamalizia kwa kumwita Wakili. Shitanda seremala, mtu wa maneno machache, alikuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara, na jina lake la kijiweni lilikuwa Msumari. Wa mwisho alikuwa Dalmas Oketch, Mzee Magugu, na jina hilo hakulichukia maana ndilo lililomlisha.

Dalmas alikuwa mvuvi wa Seme mpaka magugu maji yalipoifunika ghuba na mashua zikakwama ufuoni kama ng'ombe kwenye tope. Wengine walikaa wakiyalaani. Yeye aliyakata, akayaanika, akajifunza kuyasuka. Lakini magugu peke yake hayasimami. Yanataka mbao za kuyashika, na ndivyo alivyokutana na Shitanda. Shitanda aliunda mifupa ya kiti, Dalmas akaivisha nyama. Tangu waanze kazi hiyo hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na tisa, Dalmas alirudi kutoka mjini amevaa shati la kanisani. Alimsalimia Absalom, akamsalimia Laban, akamuuliza Kageha habari za watoto. Nafasi kando ya Shitanda ilikuwa wazi. Aliipita, akaenda kukaa mwisho kabisa, mahali ambapo ubao ulilizidi jiwe na kutishia kupinduka. Shitanda alimtazama kidogo, kisha akarudia kikombe chake.

– Magugu, habari ya hiyo kompyuta? Kageha aliuliza akimimina. Umeiona?

– Nimeiona.

– Na yenyewe imekuona?

– Imeniona. Lakini niko chini.

– Chini ya nini? Absalom akauliza.

– Chini ya watu.

Wote walijua mwanzo wa habari hiyo. Dishon, shemeji yake Dalmas, mwanamume mzima mwenye upara aliyefanya kazi kwenye ofisi moja ya kompyuta mjini, alikuwa amemtengenezea ukurasa kwenye intaneti. Picha ya kiti, jina la Dalmas, sanduku la posta. Mtu akiwa Marekani, Dishon alisema, ataona kiti hicho kama vile amesimama hapa Mamboleo. Hiyo ilikuwa mwezi wa Machi. Dalmas akawaambia wanawake wanaomsaidia kukata magugu wakaze mikono, maana wazungu wanakuja. Mvua za masika zikaja, zikaenda. Mzungu hakuja. Wanawake wakaanza kumuuliza, kwanza kwa adabu, halafu kwa kunyamaza. Ndipo asubuhi hiyo akamwambia Dishon: nipeleke mimi mwenyewe nikaone hao wazungu wanapotelea wapi.

– Ngoja kwanza, Laban alisema. Tuelezane vizuri. Hiyo mashine ya kutafuta, ni mtu ama ni kitu?

– Ni kitu, lakini inafanya kama karani. Unaiandikia neno, inazunguka dunia nzima, inarudi na majina. Halafu inayapanga. Huyu juu, huyu chini yake, huyu chini zaidi.

– Inazunguka dunia kwa muda gani?

– Ukimaliza hicho kikombe, imerudi.

– Basi haikuzunguka, Absalom alisema kwa uhakika. Mimi nimekaa kwenye treni maisha yangu yote. Kisumu mpaka Nairobi peke yake ni usiku mzima. Hiyo imekudanganya. Imefika hapo Kondele, ikageuza.

– Omera, ndugu yangu, nimeona kwa macho yangu. Imeleta watu wa mpaka Amerika.

– Watu wa Amerika wako hata Kondele.

Dalmas aliacha hilo lipite. Kichwa chake kilikuwa kizito tangu mchana, na alitaka mtu amsaidie kukitua.

– Dishon anasema hivi. Hao walio juu yangu ndio washindani wangu. Nisijidanganye ati mshindani ni yule jamaa wa Kibuye anauza viti za plastiki. Mshindani ni yule ambaye mtu akinitafuta mimi, anamuona yeye kwanza. Kwanza niwajue hao ni akina nani, ndio nijue nitapanda namna gani.

– Aliye juu mngoje chini, Kageha alisema. Usijisumbue nao. Watashuka.

– Nimewangoja toka Machi, mama.

– Na tena mtaka cha mvunguni sharti ainame, Laban akaongeza. Wewe uko mvunguni. Mzungu akikutaka, ainame.

– Hawezi kuinama, Absalom alisema. Hii kitu ni mabehewa. Kuna fasti, kuna seko, kuna thadi. Magugu amewekwa thadi, mzungu amepanda fasti. Watakutana wapi? Hata choo si moja.

– Basi anunue tikiti ya juu, Kageha alisema.

– Anunue kwa nani? Hiyo karani ni kitu. Kitu haina mfuko.

Waliwaza juu ya karani asiye na mfuko, na hata Laban, aliyekaa miaka mingi kwenye korido za mahakama, alikiri kwamba hajawahi kukutana na karani wa aina hiyo. Kama hapokei chochote, basi anampandisha mtu kwa sababu gani? Kageha alidhani ni kama sokoni: anayekaa mlangoni na nyanya zake huuza kabla ya aliye ndani, hata kama za ndani ni nzuri. Laban alidhani ni kama kesi, aliyeandikisha kwanza huitwa kwanza. Absalom alishikilia mabehewa. Dalmas aliwasikiliza wote watatu na kila mmoja alimwingia akilini, hapo ndipo palipokuwa na shida. Shitanda aliendelea kunywa.

– Tuanze na huyo wa kwanza, Laban aliamua. Tumjue. Jina?

– Dishon aliandika kwa Kiingereza. Aliandika kiti, halafu akaandika Kisumu. Wa kwanza kabisa akatokea mwenyekiti.

– Mwenyekiti gani?

– Wa chama cha madaktari ya meno. Kulikuwa na mkutano yao hapa Kisumu, na yeye ndiye alikuwa mwenyekiti. Dishon anasema huko kwa Kiingereza, kiti na mwenyekiti inaweza kuwa neno moja.

Kageha aliweka birika chini.

– Na anauza viti?

– Hauzi.

– Sasa kama hauzi, anafanya nini mbele ya wauza viti?

– Hata mimi niliuliza hivyo.

– Hapo mnaona tu juu juu, Laban alisema, akalinyoosha koti lake. Kisheria iko wazi. Neno lenyewe linasema. Mwenye. Kiti. Kama yeye ndiye mwenye kiti, Magugu, wewe umekuwa ukiuza kiti ya nani?

– Yangu.

– Una cheti?

– Cheti ya kiti?

– Naona sasa ndio unaanza kuelewa.

– Lakini pia, Absalom alisema polepole, kiti ya daktari wa meno umewahi kuiona? Mimi nimelala juu yake. Inalala, inainuka, inazunguka, ina taa. Mimi nikiwa hiyo karani, ningeiweka juu pia. Bila kuficha.

Dalmas alikunywa kahawa ikamchoma ulimi. Alikuwa amekuja akitarajia kwamba jambo hilo, likipitishwa kwenye vinywa vingi, litalainika kama magugu yanavyolainika yakipigwa. Badala yake lilizidi kuwa gumu.

– Wa tatu, akaendelea, ni chuo kikuu fulani cha ng'ambo. Wameweka kiti kwa jina la tajiri mmoja aliyekufa. Profesa atakayeikalia atachunguza maji ya ziwa hapa kwetu.

– Atakalia kiti ya marehemu? Kageha aliuliza.

– Ndivyo imeandikwa.

– Na watu wake marehemu wamekubali?

– Ndio wameitoa.

– Huyo profesa hana woga. Huko kwetu Maragoli, hiyo kiti ingekaa bila mtu mpaka ioze.

– Halafu wengine wengi, Dalmas alisema. Wa kuuza viti ya magurudumu. Wa kanisa, wanatafuta viti ya kukodisha. Ukifika mwisho wa huo ukurasa unabonyeza, unaenda ukurasa mwingine. Huko ndiko niko mimi.

– Nyuma ya viti ya magurudumu? Absalom aliuliza.

– Nyuma.

– Hiyo ni haki. Hizo zinatembea.

Dalmas alitaka kucheka, akashindwa. Akawaambia kwamba Dishon alijaribu neno lingine. Alifuta kiti, akaandika lile jina la Kiingereza la magugu maji. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu watu wote wa kwanza walitoweka. Mwenyekiti hakuonekana, wala profesa, wala magurudumu. Wakaja watu wapya ambao hajawahi kuwasikia. Dishon akamwambia: unaona, shemeji, ukibadilisha neno, washindani nao wanabadilika.

– Hao si washindani basi, Kageha alisema. Hao ni majini. Adui wa kweli ukimwita jina lingine anabaki yule yule.

– Hata mimi naona hivyo, mama.

– Na hao wapya ni kina nani? Laban akauliza.

– Wa kwanza ni Waholanzi. Wanauza maua.

– Maua gani?

– Wana ua lao linaitwa jina hilo hilo. Wanalipanda kwenye chungu, wanaweka dirishani, wananusa.

Absalom aliinuka nusu, akakaa tena. Ubao ukalia.

– Wananusa magugu?

– Dishon anasema si hii yetu. Ni jina tu wamefanana.

– Usidanganywe, Absalom alisema, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetoa siri ya serikali. Sikilizeni. Hii magugu haikuwa hapa tukiwa wadogo. Ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu. Hao watu waliweka dirishani, wakanusa, wakachoka, wakatupa. Mvua ikaleta ziwani kwetu. Sasa wamesikia Magugu anapata ugali nayo, wanataka warudishiwe. Ndio maana wako juu.

– Mali bila daftari hupotea bila habari, Laban alisema.

– Hiyo inaingilia wapi?

– Inaingilia hapo. Waholanzi wana daftari.

– Wa pili yao, Dalmas alisema haraka kabla hawajaenda mbali, ni wanasayansi. Wanaeleza juu ya wale wadudu.

Kila mtu alijua habari ya wale wadudu wadogo weusi waliofugwa na kumwagwa ziwani ili wayale magugu. Kwa mvuvi ilikuwa habari njema. Dalmas mwenyewe alikwenda nyumbani Pasaka akaona maji yanang'aa mahali ambapo mwaka uliopita mtu angeweza kutembeza mbuzi. Ndugu zake walikuwa wakipaka mashua lami upya, wakiimba. Alisimama nao akatabasamu, na moyoni akahisi kama mtu anayesikia nyumba yake ikibomolewa kwa furaha.

– Basi tumempata, Absalom alisema, safari hii kwa upole. Mshindani wako si Mholanzi. Ni mdudu. Wewe unataka magugu, yeye anataka magugu. Wewe unachagua yenye shina refu, yeye hachagui. Wewe unalala, yeye halali.

– Na yuko juu yako, Kageha alisema.

– Yuko juu.

– Pole, Magugu.

Dalmas aliinamisha kichwa. Hakuwa amelifikiria hivyo. Kule mjini, kwenye chumba kile cha mashine, alikuwa ameshikwa na jambo jingine kabisa. Alidhani ameshalipita. Lakini Laban alikuwa amehesabu kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa kimebaki hewani.

– Rudi nyuma kidogo, Laban alisema. Ile ya kwanza, ya kiti na Kisumu. Umesema wa kwanza mwenyekiti. Halafu ukasema wa tatu profesa. Wa pili je?

– Nimesema.

– Hukusema. Mimi mahakamani nilikuwa nabeba mafaili. Najua faili likiruka.

– Wa pili ni mtu tu.

– Mtu wa wapi?

– Wa hapa.

– Kisumu?

– Hapa hapa Mamboleo.

Absalom akaanza kutaja watu. Alimtaja mwenye kiwanda cha magodoro, akamtaja kasisi, akamtaja mganga mmoja aliyekuwa na kiti cha ngozi ya chui. Kageha alidhani labda ni yule diwani aliyeshindwa kura, maana naye alikuwa akikitaka kiti. Dalmas aliwaacha wamalize. Halafu akageuka, kwa mara ya kwanza jioni hiyo, akamtazama Shitanda.

– Wa pili kutoka juu ni wewe, Msumari.

Shitanda aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu.

– Mimi?

– Wewe. Na picha.

Naye Dalmas akawaeleza alivyoiona. Dishon alibonyeza lile jina la pili, na picha ikaanza kuteremka kwenye kioo pole pole, mstari kwa mstari, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Kwanza ikatokea kofia, ya kijani, imechanika pembeni. Dalmas akasema moyoni, naijua kofia hiyo. Ikatokea paji la uso. Yakatokea macho, halafu meno, maana mwenye picha alikuwa anacheka. Dishon hakumjua, akauliza, shemeji, huyu ni nani? Dalmas akasema hamjui. Picha ikazidi kuteremka, na chini ya kidevu kikatokea kiti. Kiti kile alikijua kuliko alivyomjua mtu aliyekikalia. Aliujua ufundi wa mgongo wake, ule wa kusuka mara mbili mara mbili, na aliujua mkono wa kushoto, mahali alipokosea kidogo akafungua akaanza upya. Chini yake yalikuwa maneno ya wazungu fulani, mume na mke, walioandika habari za safari yao. Waliandika kwamba Kisumu walipata kiti kizuri kuliko vyote walivyowahi kukalia, na kwamba fundi wake anaitwa Shitanda.

Lori la miwa lilipita kuelekea Miwani.

– Mimi hata hiyo kompyuta sijawahi kushika, Shitanda alisema.

– Haukushika. Ilikushika.

– Hao watu nawakumbuka. Walikuja na mtoto mchanga mgongoni kwa baba. Wewe ulikuwa Kombewa.

– Nilikuwa hospitali.

– Ndio. Mkeo Mama Agneta alikuwa amelazwa. Wakakipenda kiti. Wakataka picha ya fundi. Nikawaambia fundi hayuko, ana mgonjwa. Kiingereza changu unakijua. Wakasema kaa wewe. Nikakaa.

– Ukacheka.

– Mtu akipigwa picha hucheka.

– Mimi niko Kombewa nashika ndoo ya mgonjwa, na wewe umekalia kiti yangu unacheka na wazungu. Wakauliza jina, ukawapa lako.

– Waliuliza, wewe unaitwaje. Sikuwa na jina lingine la kuwapa.

– Na mbona hukuniambia?

Shitanda alikuwa mtu ambaye maneno humtoka kama misumari iliyoshikwa mdomoni, mmoja baada ya mwingine.

– Nilikuambia kiti kimeuzwa. Pesa nilikuletea huko huko hospitali. Ya picha sikusema. Niliona aibu. Mke wa mwenzangu hajui kama ataamka, mimi nakalia kiti chake nikipigwa picha. Nikasema basi, hiyo iishe. Sikujua kuna mahali itakaa mpaka leo.

Kageha aliguna taratibu. Absalom alitazama upande wa reli, ingawa kutoka pale reli haionekani. Dalmas alihisi hasira yake ikitafuta mahali pa kushika na kukosa, kwa sababu alikumbuka jioni ile, Shitanda amesimama mlangoni mwa wodi na kofia hiyohiyo mkononi, hathubutu kuingia. Lakini hasira iliyobebwa kutwa nzima haitupwi hivyo tu.

– Sasa mtu akitafuta kiti ya Kisumu anakupata wewe, alisema. Mimi niko nyuma ya magurudumu. Dishon amesema aliye juu ndiye mshindani. Nifanye nini? Nishindane na wewe?

– Swali dogo, Shitanda alisema. Hiyo karatasi yako ya kompyuta, ile Dishon aliandika. Jina langu liko?

Dalmas alikuwa ameisoma asubuhi hiyo kuanzia juu mpaka chini, herufi kwa herufi, akijivuna. Viti vya Dalmas Oketch. Vimetengenezwa kwa mikono ya Dalmas Oketch. Andikia Dalmas Oketch. Hakuna mahali palipotaja mbao, sembuse aliyezipiga randa.

– Dishon ndiye aliandika, alisema.

– Sawa.

– Hakuniuliza.

– Sawa, Dalmas.

Hakumwita Magugu. Alimwita kwa jina lake, kwa sauti ya chini isiyo na lawama, na hilo ndilo lililomkata Dalmas kuliko kama angetukanwa.

– Hii kesi ni ngumu, Laban alisema, akitafuta pa kuingilia. Kuna mlalamikaji wawili na hakuna mshtakiwa. Kwa maoni yangu, huyo mzungu ndiye ashtakiwe. Ama tumrudie mwenyekiti.

– Wacha mwenyekiti, Kageha alisema. Mimi nauliza kitu moja. Huyu Msumari akiwa juu, na kiti aliyokalia ni ya Magugu, Magugu yuko juu ama yuko chini?

– Yuko chini, Absalom alisema. Amekaliwa.

– Yuko juu, Laban alisema. Kiti imeonekana.

– Yuko pande zote mbili, na hiyo haiwezekani, Absalom alisema.

– Kwenye treni haiwezekani. Kwenye sheria inawezekana.

Wakaanza kubishana upya, na mshindani akawa mara Mholanzi, mara mdudu, mara Dishon mwenyewe, ambaye Absalom sasa alimshuku kwamba ndiye anayezipanga hizo safu ili shemeji yake aendelee kumhitaji. Dalmas hakuwasikia. Alikuwa anatazama mikono ya Shitanda, iliyokuwa na gundi iliyokauka kwenye kucha. Ilikuwa gundi ya kiti kipya, kilichokuwa kimesimama ng'ambo ya barabara tangu jana kikingoja wateja, mgongo wake umesukwa na Dalmas, miguu yake imechongwa na huyu aliyekaa hapa. Alitaka kusema kitu. Alijua hata ni kitu gani, lakini hakikuwa na mwanzo.

Wakati huo mwanamke mmoja alivuka barabara akitokea upande wa karakana, mkoba wa safari begani na khanga kiunoni. Aliwasalimu kwa Kijaluo, halafu, alipomwona Kageha, akarudia kwa Kiswahili. Aliitwa Seline. Alikuwa ametoka Kakamega kwa mazishi, anarudi kwao Luanda Kotieno, na gari lililokuwa limembeba liliharibikia hapo mbele. Alipokuwa akingoja alikaa kwenye kile kiti.

– Nisameheni, nimekaa bila ruhusa, alisema. Mgongo unaniuma tangu matangani. Lakini pale nimekaa, umenyamaza. Nimekitaka hicho kiti.

– Karibu, mama, Absalom alisema.

– Na nina dada yangu ameolewa Eldoret, yeye naye ni wa mgongo. Nataka nikifika nimpigie simu, nimwambie atafute kama hiki huko kwao. Hiki mnakiitaje?

Absalom alimtazama Laban. Laban aliligusa koti lake.

– Ni kiti ya magugu, Absalom alisema.

– Nikimwambia magugu atafikiri nimechanganyikiwa. Magugu ni ya kung'oa.

– Ni kiti ya mbao, Laban alisema.

– Kila kiti ni ya mbao.

– Ya ziwa, Kageha alijaribu, kisha akatikisa kichwa mwenyewe.

Seline alingoja. Hakuwa na haraka. Gari lake lilikuwa bado limefunguliwa boneti.

– Ni cha Msumari, Dalmas alisema.

Alisema haraka, akitazama chini. Wakati uleule, kutoka upande mwingine wa ubao, Shitanda alikuwa naye ameanza kusema.

– Ni cha Dalmas.

Mwanamke aliwatazama, huyu na huyu, akajaribu kuelewa.

– Hayo ni majina ya watu, alisema. Mimi nimeuliza jina la kiti. Mtu akikitaka, aseme anataka nini?

Kageha aliinamisha birika juu ya kikombe cha Absalom, na lililotoka lilikuwa machicha ya tangawizi tu. Shitanda alisimama, akapangusa suruali, akavuka barabara. Baada ya muda Dalmas naye akasimama, na ubao ukarudi sawa juu ya mawe. Walikibeba kile kiti wawili, Shitanda mbele akishika miguu, Dalmas nyuma akishika mgongo, mpaka kwenye gari la Seline, wakakifunga kwenye keria kwa kamba ya katani. Seline alilipa, akaketi dirishani. Gari lilipotengenezwa na dereva akawasha injini, Seline alitoa kichwa nje, akawauliza tena jina la kiti, na wao wakatazamana kando ya barabara, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.